Chumvi ya Kizingitini

Ukungu ulipoingia Kimumu, mtaa wa Eldoret, asubuhi ya Jumanne, watu walidhani ni ule wa kila siku, ule unaopanda kutoka mashambani alfajiri na ifikapo saa nne umeshachoka na kwenda zake. Huu haukwenda. Saa nne ilipita, saa sita ikapita, na ndani ya weupe ule kukaanza kusikika kitu kinatembea polepole, kwa uvivu wa ng'ombe aliyeshiba, isipokuwa kila kilipokanyaga chini vikombe viligongana rafuni. Sasa ilikuwa Alhamisi, na Waithira alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti cha duka lake la agrovet, la mbegu na dawa za mifugo, ananyunyiza chumvi ya maombi kwa vidole vitatu.

Chumvi hiyo alipewa na pasta wake mwezi wa Agosti, pakiti nzima, imeombewa siku saba na kufungwa utepe mwekundu. Aliiweka juu ya kabati kando ya picha ya Tabby, binti yake aliyeolewa Thika, akisema ipo siku itahitajika. Siku yenyewe ilikuwa imefika, na Waithira hakuwa mtu wa kubana mkono. Alinyunyiza upande wa ndani, akasukuma nyingine nje kupitia ufa wa chini, kisha akailowanisha kidogo na kuipaka kwenye fremu ya mlango kama mtu anayepaka rangi.

"Unafanya nini hapo, Mama Tabby?"

Hakuinua kichwa. Sauti ilitoka kwenye tundu la ukuta, na tundu hilo alikuwa amelichukia tangu pigo la kwanza la nyundo.

"Naomba," alisema. "Na wewe unafanya nini hapo?"

"Nakuangalia ukiomba," alijibu Farah.

Farah alikuwa jirani yake kwa miaka kumi na tisa. Duka lake la mchele, sukari, tambi na vitambaa lilipakana na la Waithira kwa ukuta mmoja wa matofali, mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwingine alipaswa kumwambia pole. Hawakuambiana. Kwa miaka yote hiyo walikuwa na jambo moja tu la kuzungumza, nalo ni gata la paa la Farah, lililomwaga maji ya mvua upande wa Waithira na kumwozeshea magunia. Waithira alimtaka alitengeneze. Farah alisema gata halina shida, shida ni magunia. Walisema hivyo kila msimu wa mvua, na Eldoret mvua haina haya, hunyesha karibu mwaka mzima.

Kilichowaleta pamoja si mapenzi. Waithira alikuwa na milango ya chuma na tangi la maji, lakini hakuwa na cha kutia mdomoni. Mbegu zake za mahindi zilikuwa zimepakwa dawa, na chakula cha kuku alikuwa bado hajafikia hatua ya kukila. Farah alikuwa na chakula cha kulisha harusi mbili, lakini mlango wake ulikuwa wa mbao kuukuu, na mke wake na binti yao Ruwayda walikuwa wamesafiri kwenda Garissa, kwa hiyo hakuwa hata na mtu wa kumsaidia kuuegemea. Jumatano asubuhi aligonga ukuta kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Mimi niko na food," alisema, "wewe uko na mlango. Tuongee." Wakabomoa matofali ishirini, wakapata tundu la kupita mtu akiinama. Hapo ushirika wao ukaanza na hapo ukaishia. Waithira alilala na slasha ya kufyekea nyasi kando yake, naye Farah alilala na ufunguo wa stoo ya chakula chini ya shavu.

Simu hazikushika. Mnara wa mtandao, Farah alisema, lazima ulikuwa umelambwa.

Maana ndivyo kitu kile kilivyofanya. Hakikung'ata, hakikurarua. Kililamba. Hakuna aliyekuwa amekiona chote. Farah, kupitia dirisha la juu, aliona goti lenye ukubwa wa tangi la maji, limefunikwa manyoya yaliyojaa umande. Waithira aliuona ulimi. Ulikuwa na upana wa godoro na rangi ya kijivu, nao ulikuwa unalamba lori la Farah lililoegeshwa mbele ya maduka, taratibu, bila haraka ya kwenda popote. Pale ulipopita, rangi ya buluu ilitoweka. Namba ya gari ilitoweka, na jina la Ruwayda lililoandikwa juu ya kioo kwa maandishi ya madoido likatoweka, kikabaki chuma cheupe kinachong'aa kwa unyevu. Kulikuwa na uzuri fulani katika kuutazama, na Waithira alijichukia kwa kusimama dirishani akiutazama muda mrefu vile.

Halafu kulikuwa na Kigen, soja aliyelinda maduka yale usiku. Jumanne jioni alikuja mpaka mlangoni kwa Waithira, na Waithira akamfungulia upenyo. Uso wa Kigen ulikuwa umetulia na kupendeza. Kovu lake la shavuni halikuwepo. Alimwonyesha viganja vyake, na vilikuwa laini kama sahani, hakuna mstari hata mmoja. Waithira alipomuuliza kama anajua jina lake, alifikiri kwa heshima, kama mgeni aliyeulizwa atakula nini, kisha akasema, "Sijui, lakini usijali." Akauliza kama kuna mahali anapotarajiwa. Waithira alitikisa kichwa, naye akashukuru na kuondoka. Nyuma yake, ndani ya weupe, wengine walikuwa wanapita wakitembea polepole, hawagombani na mtu, hawatafuti kitu.

Hilo ndilo lililomtisha Waithira kuliko kifo. Kifo alikijua, alikuwa amezika wazazi na kaka wawili. Lakini mume wake Irungu alikuwa ameondoka Jumanne hiyo hiyo kabla ya mapambazuko kwenda Cheptiret kuchukua vifaranga vya wateja, na alikuwa hajarudi.

Kwa ajili ya Irungu, mlango mdogo uliokatwa ndani ya ule mkubwa wa chuma haukuwekewa kitu. Milango mikubwa walikuwa wameizuia kwa magunia ya mbolea mpaka juu, lakini ule mdogo ulishikwa na komeo moja tu. Irungu akibisha, Waithira alitaka kuufungua kwa mkono mmoja na kumvuta ndani kwa mwingine. Alikuwa amelifanyia mazoezi jambo hilo mara nyingi alipokuwa peke yake, na liliweza kufanyika kwa pumzi moja.

"Hiyo mlango ndogo tuzibe," Farah alisema, akipita kwenye tundu na sufuria ya wali. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka sitini hivi, ndevu zake zimepakwa hina, na alitembea kwenye duka la Waithira kwa tahadhari, bila kugusa kitu. "Magunia iko."

"Na bwana yangu apitie wapi?"

"Mama Tabby, hiyo kitu inakuja hapa mara tatu kwa siku. Haiendi kwa hardware. Haiendi kwa salon ya Eddah. Inakuja hapa, kwa hii mlango. Umejiuliza ni kwa nini?"

"Shetani anasumbuliwa na maombi."

"Ni chumvi." Farah aliweka sufuria chini. "Baba yangu alikuwa na ngamia. Mnyama akikosa chumvi anatembea siku tatu kuitafuta. Analamba mawe, analamba mti, analamba hata shati ya mtu aliyetoka jasho. Na wewe unaiandalia mezani asubuhi na jioni."

Waithira alihisi joto linampanda shingoni. Alikuwa amevumilia uvumba wa Farah, ule aliouchoma kila asubuhi kwenye kijiko cha makaa mpaka duka zima likanuka harusi ya watu asiowajua, na alikuwa amejinyima kuwataja majini anaodhani wanaalikwa na moshi ule.

"Hii imeombewa," alisema.

"Najua imeombewa. Lakini bado ni chumvi."

"Wewe unataka tu tuzibe ndio Irungu abaki nje. Mdomo mmoja umepunguka kwa mchele yako."

Farah alifunua sufuria. Kisha akasema jambo ambalo Waithira alikuwa amelizuia kwa siku tatu lisiingie kichwani. "Na akikuja, atakujua?"

Walikula wali bila kuangaliana.

Saa sita kitu kile kilikuja kama kilivyokuja jana na juzi. Vikombe vilianza kugongana, mwanga wa ufa wa chini ukafifia, na harufu ikaingia, harufu ya mvua na ya maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Kisha ulimi ukaanza kazi kwenye mlango mdogo, kuanzia chini kwenda juu. Mlio wake ulikuwa mzito na wa kubembeleza, na Waithira aliyekuwa ameketi juu ya gunia alijikuta kope zinamlemea. Zilipopita dakika kama ishirini, kitu kile kilishusha pumzi na kwenda zake. Farah alisogea, akaweka kidole juu ya chuma cha mlango mdogo. Mwanga wa nje ulipenya na kuonyesha kivuli cha kidole.

"Imekuwa karatasi," alisema.

Alasiri ile Waithira alilala bila kukusudia. Aliota Irungu amerudi na anahesabu vifaranga, na katika ndoto vifaranga walikuwa weupe na wasio na mwisho, wanatoka kwenye boksi na kuingia kwenye ukungu mmoja mmoja. Aliamshwa na mlio wa ufagio. Farah alikuwa amechutama mlangoni, amezoa chumvi yote kwenye karai, na sasa alikuwa anaosha fremu kwa kitambaa kilichoroweshwa.

Waithira alishika slasha kabla hajajua ameishika.

"Nimekuomba mara tatu," Farah alisema, akiinuka polepole. "Mara tatu, Mama Tabby. Ulikuwa umelala, na hiyo kitu haingoji uamke."

"Toka."

"Sikiliza kwanza."

"Toka kwa duka yangu. Miaka kumi na tisa unanimwagia maji, sasa unaniondolea na Mungu."

Alimsukuma kwa ncha ya slasha mpaka tundu la ukuta, na Farah akainama akapita, kwa sababu mwanamke yule alikuwa hatanii. Waithira aliburuta magunia matano ya mbolea kwa mikono yake mwenyewe akaliziba tundu. Kutoka upande wa pili sauti ya Farah iliuliza atakula nini. Alimwambia ale yeye. Kisha akachukua pakiti ya chumvi ya maombi na kumwaga yote iliyobaki kizingitini.

Halafu akaketi. Kupitia ukuta alimsikia Farah anavyohema, na akakumbuka kwamba haikuwa mara ya kwanza. Januari ile ya vurugu za baada ya uchaguzi, mwaka wa pili wa ujirani wao, kila mmoja alijifungia upande wake, matairi yakiungua kule njia panda, na kila mmoja alisikia pumzi ya mwenzake matofalini. Waithira alifikiri wakati ule kwamba wakija watu wa kuchoma maduka, jirani huyu atawaelekeza kwake ili apone yeye. Kati yao hakuna aliyemgongea mwenzake. Watu hawakufika, na siku maduka yalipofunguliwa tena, walizungumzia gata.

Saa kumi na moja vikombe vilianza kugongana.

Safari hii ulimi haukumaliza hata dakika tano. Chuma cha mlango mdogo kililainika, kikakunjwa kwa ndani, kikafunguka katikati kama gazeti lililoloa. Ulimi uliingia kwa utulivu, ukapita juu ya kizingiti na kukusanya chumvi, kisha ukaendelea sakafuni, unatafuta. Waithira aliruka kuushika mlango. Alikuwa anawaza komeo, komeo tu, kwamba komeo likienda Irungu hatakuwa na pa kubishia. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya chuma, na ulimi ukapita juu yake.

Haukuuma. Ulikuwa wa joto, na kwa sekunde chache alihisi raha ya mtu aliyetua mtungi kichwani baada ya mlima mrefu. Kisha kitu kile kikashusha pumzi, kikaondoka.

Aliangalia kiganja chake. Hakikuwa na mstari hata mmoja.

Akajipima upesi, kama mtu aliyeanguka anavyojipapasa mifupa. Jina lake alilijua. Tabby alimjua, na pasta, na bei ya dawa ya kupe. Alijua ana mume ambaye yuko nje na kwamba anamngoja. Alijua anaitwa Irungu. Lakini alipomtafuta mwenyewe, uso wake, sauti yake, namna alivyoshika kikombe, alikuta mahali palipofutwa. Jina lilikuwa limebaki peke yake kama kofia kwenye msumari. Alitaka kulia, na jambo la kutisha ni kwamba hakupata cha kulilia. Waithira aliogopa wakati ule kuliko siku zote za maisha yake.

Aliyavuta magunia kutoka kwenye tundu, moja baada ya jingine.

"Baba Ruwayda," aliita. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Baba Ruwayda, kuja."

Farah alipita, akaona mlango, akaona kiganja, hakuuliza kitu. Alianza kubeba magunia na kuyapanga mbele ya uwazi, na Waithira akabeba pamoja naye. Gunia la nne Farah alisimama nalo kifuani.

"Na Irungu?"

"Sijui anafanana aje," Waithira alisema.

Farah aliliweka gunia chini, akaketi juu yake. Akakwaruza ndevu.

"Bwana yako ni mrefu," alisema. "Anainamia mlango zote, hata zile za juu. Mwaka ya kwanza aligonga kichwa hapo kwa baraza, nikasikia, na tangu siku hiyo anainama hata pahali hakuna paa."

Waithira alimtazama.

"Kila Jumanne anahesabu vifaranga hapa ndani. Anahesabu akiimba. Akifika thelathini na saba anapotea, anaanza tena. Kila Jumanne, Mama Tabby. Mimi huko nimesimama na kilo ya sukari ya mtu nangoja afike thelathini na nane." Farah alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja. "Ukimkasirikia hajibu. Anaenda anatengeneza chai, anakuletea, anasema sukari imezidi, ni makosa ya kijiko. Na siku mliozesha Tabby, mlirudi hapa jioni, akaenda huko nyuma kwa magunia ya dairy meal ya ng'ombe akalia. Ukamuuliza, akasema ni vumbi."

"Ulikuwa unasikiliza."

"Ukuta ni tofali moja. Ningeweka pamba kwa masikio?"

Kwa miaka kumi na tisa jambo hilo hasa ndilo lililomkera, kwamba yule mtu anasikia. Sasa Waithira alikuwa ameketi mbele yake na mikono magotini, anadaka kila neno. "Sema ingine," alimwambia.

Farah alisita. "Hii ingine hutaipenda. Ile Januari. Bwana yako alikwambia, tukikimbia tumgongee jirani, tusimwache. Ukamwambia asigonge."

Hilo Waithira alilikumbuka upande wake tu. Maneno yake mwenyewe yalikuwepo, na aibu yake ikawepo mara moja, mbichi kama ya jana. Maneno ya Irungu yalikuwa hayapo, na sasa alikuwa ameletewa. "Ulisikia," alisema.

"Nilisikia. Nikamsikia yeye, na nikakusikia wewe. Hata mimi sikugonga. Nilikuwa nimekaa na panga." Farah aliinuka, akalibeba gunia lake. "Lakini nilijua tangu siku hiyo kuna mtu mmoja upande huu."

Asubuhi ya Ijumaa walikubaliana haraka, kwa sababu hakukuwa na mlango wa kubishania. Kuosha peke yake hakungetosha, Farah alisema, mnyama ameshaizoea njia. Lazima apewe pengine pa kwenda. Waithira alikuwa na mawe arobaini ya chumvi ya ng'ombe kwenye rafu ya chini, yale mekundu yenye tundu katikati. Lori la Farah, hata kama lilikuwa halina rangi wala jina, lilikuwa na mafuta. Angeyapeleka mpaka kwenye kinamasi cha Marura na kuyamwaga huko, mbali na nyumba.

Waliyapakia wakati ukungu ulikuwa kimya. Kisha wakazoa kila chembe dukani na kuosha kizingiti kwa maji ya tangi, ndoo kumi na moja. Waithira alileta karai lenye chumvi ya maombi. Farah alilipokea kwa mikono miwili. Hakulichanganya na yale mawe, alienda kuliweka peke yake kwenye kiti cha mbele, na Waithira aliliona hilo akalinyamazia.

"Nikirudi utanifungulia?" Farah aliuliza. Alikuwa haangalii usoni kwake, alikuwa anaangalia magunia.

"Nitakufungulia."

"Unaweza niona umesema huyu amelambwa. Ama ukungu ikikuja unaweza ogopa. Sitakulaumu."

"Ukirudi useme kitu ya gata," Waithira alisema. "Nitajua ni wewe."

Lori liliondoka bila taa. Waithira alirudi ndani, akaegemeza karatasi ya bati kwenye uwazi wa mlango mdogo, akaishikilia kwa mkono. Alisikia injini ikishuka kuelekea Marura. Kisha akasikia nyayo. Zilipita mbele ya maduka karibu kabisa, zikasimama. Pumzi ile yenye harufu ya maziwa iliingia chini ya bati na kunusa kizingiti kilichooshwa. Ikanusa tena, ikasita, na Waithira hakupumua. Kisha nyayo zikageuka na kulifuata lori, na vikombe rafuni vikagongana kwa mbali zaidi na zaidi mpaka vikatulia.

Magunia yalikuwa hapo, hatua mbili. Angeweza kuyapanga na kuwa salama, kisha kuyapangua atakapobishwa hodi, na kama hakubishwa, basi. Lilikuwa wazo la busara na alikuwa na muda wa kutosha wa kulifikiria, maana saa zilipita, saa tatu, saa nne. Mkono ulikufa ganzi. Akabadilisha mkono. Januari ile alikuwa ameketi hivi na kutogonga, na hakutaka kuwa mtu yule tena, kwa hiyo magunia aliyaacha yalipo.

Saa saba hivi aligundua kwamba anaiona rangi ya sakafu. Mwanga uliopita kando ya bati ulikuwa wa manjano. Huko nje jogoo aliwika, kwa kuchelewa mno, kama aliyesahau kazi yake.

Kisha bati likagongwa.

"Nani?"

"Gata yangu haina shida," sauti ilisema. "Shida ni magunia yako."

Waithira aliliangusha bati. Farah alikuwa na matope mpaka magotini na mkono mmoja wa shati lake ulikuwa umelambwa ukawa mweupe, lakini macho yake yalikuwa yake, yamechoka na yana ubishi. Nyuma yake kulikuwa na mzee mrefu aliyevaa koti lisilo na rangi, amekumbatia boksi jeupe. Uso wake ulikuwa umetulia na hauna kunyanzi. Alikuwa anakuja polepole, na alipofika barazani, ambapo paa lilikuwa juu kabisa ya kichwa chake, aliinama.

Waithira alishika fremu ya mlango.

"Nilimpata huko chini karibu na Marura, ameketi kando ya barabara," Farah alisema. "Anahesabu." Alikohoa, akanyoosha shati kwa aibu kidogo, akasogea akasimama katikati yao, kama mtu aliyetumwa na ukoo. "Mzee, huyu ni Waithira. Ni bibi yako, miaka thelathini na nne. Mama Tabby, huyu ni Irungu."

Yule mtu alihamisha boksi kwenye mkono wa kushoto na kutoa mkono wa kulia. Kiganja chake kilikuwa laini kabisa. "Pole kwa kukusumbua," alisema. Waithira alisikia sauti hiyo kwa mara ya kwanza, na akaona ni sauti nzuri.

"Hakuna usumbufu," alisema. "Ingia ndani."

Aliingia, akaketi juu ya gunia la mbolea, akafungua boksi magotini. Vifaranga wengine walikuwa wamekufa kwa baridi, lakini wengi walikuwa hai, wamejaa kelele. Akaanza kuwatoa mmoja mmoja na kuwaweka sakafuni, na alipokuwa anawatoa aliimba idadi yao kwa chini chini, wimbo ambao Waithira hakuujua. Farah alikuwa amesimama kwenye tundu la ukuta, nusu yake huku, nusu yake kule. Ishirini na tisa. Thelathini. Waithira alijikuta ameshika aproni kwa mikono miwili. Thelathini na sita. Thelathini na saba.

Mzee alinyamaza. Alimtazama kifaranga mkononi mwake, akatazama wale wa sakafuni, akatazama tena mkononi. Akatikisa kichwa, akaanza kuwarudisha wote kwenye boksi.

Kwenye tundu, Farah alicheka bila sauti. Waithira alikuwa hamjui mtu aliyeketi juu ya gunia lake, lakini kifua kilimfunguka, na machozi yakaja yenyewe, mengi, yakamtiririka mpaka kidevuni na kudondoka kizingitini alipokuwa amesimama.

"Futa hiyo, Mama Tabby," Farah alisema kwa upole. "Hata hiyo ni chumvi."

Akafuta uso kwa aproni, akainama akafuta na kizingiti. Kisha akaenda kuketi karibu na boksi, na Irungu alipoanza tena na moja, akahesabu pamoja naye.